E-ZPass kwenye pikipiki: maoni yangu baada ya kuitumia kati ya Bayonne na Bay Ridge

Kwa mwenye haraka, maoni yangu ni haya: kama unaendesha pikipiki upande huu wa mashariki wa Marekani, chukua E-ZPass, yaani tagi ndogo inayolipia tozo za madaraja na barabara bila kusimama. Ukiwa New Jersey kama mimi na safari zako zinavuka kwenda New York, chukua ya New York. Na unapojaza fomu, hakikisha tagi imesajiliwa kwa pikipiki. Usihamishe ile ya kwenye gari lako. Mengine yote nitakayoeleza yanatokana na hayo matatu, na kila moja lina pesa ndani yake.

Naishi Bayonne, na kazi yangu ni ya kutunza wazee Bay Ridge, kule Brooklyn. Zamu zangu nyingi ni za wikendi, alfajiri. Kwa treni na basi ningezunguka hadi Manhattan ndipo nirudi chini, safari inayokula usingizi wote. Kwa Honda CB500X yangu napanda Daraja la Bayonne, nashuka Staten Island, navuka Verrazzano-Narrows na nimefika. Madaraja mawili, na kila moja lina mwenyewe. La Bayonne ni la Port Authority, mamlaka ya pamoja ya New York na New Jersey. Verrazzano ni la MTA, hao hao wenye treni za chini na mabasi ya jiji. Tagi moja inalipa kote.

Ambao hamjawahi kuishika, ni kisanduku cheupe cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye betri ndani. Unapopita chini ya fremu ya chuma iliyotanda juu ya barabara, antena inatuma mawimbi ya megahezi 915, tagi inajibu kwa namba yake, na akaunti inakatwa. E-ZPass ilianza kutumika 1993 kwenye barabara ya Thruway ya jimbo la New York, na leo mtandao wake umeenea hadi Florida na Minnesota. Kwenye madaraja ya Port Authority na MTA vibanda vya kulipia havipo tena. Hakuna kusimama. Asiye na tagi anapigwa picha namba ya usajili, na bili inamfuata nyumbani kwa posta, ikiwa kubwa zaidi.

Kwa mwenye gari hii ni nafuu tu. Kwa mwendesha pikipiki ni usalama, na hapo ndipo ninapoithamini kwa dhati. Fikiria kibanda cha kulipia cha kizamani: unashika klachi, unarudisha gia hadi nyutro, unaweka mguu chini, unavua glavu, unafungua zipu ya koti, unatafuta noti, huku lori limekusogelea nyuma na dereva wake anapiga honi. Pale unapoweka mguu ndipo magari yote yalipokuwa yanasimama na kudondosha oili, kwa hiyo katikati ya njia pana utelezi. Kila mwendesha pikipiki mzoefu huku atakwambia: kwenye kibanda pita kwenye mstari wa tairi za gari, usipite katikati. Ushauri huo bado una kazi, maana kwenye New Jersey Turnpike na Garden State Parkway vibanda vipo, na sehemu nyingi hata ukiwa na tagi unapita mle mle, polepole. Lakini kwenye madaraja yangu mawili mikono inabaki kwenye usukani, na Verrazzano mikono inatakiwa kwenye usukani. Lile daraja lilifunguliwa 1964, nafasi kati ya minara yake miwili ni karibu mita 1,300, na upepo wa mlango wa bahari unakupiga ubavuni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapo sitaki kufikiria chenji.

Sasa bei. Natumia za 2025, kwa pikipiki yenye tagi ya New York. Daraja la Bayonne kuelekea Staten Island, nje ya saa za msongamano, lilikuwa dola 13.06, na gari dogo dola 14.06. Port Authority wanakupunguzia dola moja tu kwa kuwa na magurudumu mawili. Naona ni kidogo mno kwa chombo kisichoichosha barabara, lakini ndiyo bei yao. Nafuu yao nyingine ni kwamba unatozwa upande wa kuingia New York tu, kurudi New Jersey ni bure. MTA ndio wanaomjali mwendesha pikipiki: Verrazzano ilikuwa dola 3.02 kila upande, wakati gari lilitozwa dola 6.94. Kwenda na kurudi kwa pikipiki, jumla dola 19.10. Kwa gari, njia ile ile na saa ile ile, dola 27.94. Karibu dola tisa kwa zamu moja. Kwa mshahara wa kazi zetu hizi, dola tisa ni chakula cha mchana.

Saa nazo zina maana yake. Wikendi, Port Authority wanahesabu saa za msongamano kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tatu usiku. Siku za kazi ni saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, kisha saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Ukipita ndani ya saa hizo unaongeza dola mbili. Anayeingia zamu ya alfajiri ya Jumamosi hana tatizo. Anayeingia zamu ya mchana ajue.

Nisisitize suala la tagi ya New York, maana hapa nimeona ndugu zetu wengi wa Jersey City na Newark wakiumia bila kujua. Bei ile ya chini ya MTA ni ya wenye akaunti ya kituo cha huduma cha E-ZPass cha New York peke yao. Ukipita Verrazzano na tagi ya jimbo lingine, hata kama ni E-ZPass halali yenye pesa, MTA wanakutoza bei ya yule aliyeletewa bili kwa posta. Kwa gari, mwaka 2025 tofauti hiyo ilikuwa kati ya dola 6.94 na dola 11.19. Hakuna sharti la kuishi New York ili ufungue akaunti yao. Mkazi wa New Jersey, Pennsylvania au Connecticut anaruhusiwa. Tena akaunti ya New Jersey ina ada ya dola moja kila mwezi, utumie usitumie, na ya New York haina. Pikipiki yangu hulala chini ya turubai kuanzia theluji ya kwanza hadi machipuko, na sioni sababu ya kulipia tagi iliyolala nayo.

Kufungua akaunti si kazi. Unaingia kwenye tovuti, unaweka dola 25 za kuanzia, unaunganisha kadi ya benki ili salio lijijaze lenyewe, tagi inakuja kwa posta. Ukiunganisha kadi hutoi amana. Pahali pa kuwa makini ni pale wanapouliza aina ya chombo. Tagi hutolewa kwa kundi fulani la vyombo, na pikipiki ina kundi lake. Ukichukua tagi ya gari ukaitia mfukoni usitegemee bei ya pikipiki, na kwa masharti yao haitakiwi kutumika hivyo. Mwenye gari na pikipiki anaomba tagi mbili kwenye akaunti moja. Andika na namba ya usajili ya pikipiki kwenye akaunti, maana ndiyo inayokuokoa siku tagi isiposomwa: kamera inaona namba, mfumo unaitafuta, na ikikutwa kwenye akaunti huhesabiwi kuwa mkwepaji. Lakini hata hapo MTA, tangu 2021, wana bei ya kati kwa mwenye akaunti ya New York ambaye tagi yake haikusomwa. Si bei ya bili ya posta, wala si ile ya chini. Wanataka tagi isomwe.

Na hilo ndilo swali kubwa la kifaa hiki kwenye pikipiki: isomwe ikiwa wapi? Kwenye gari jibu ni moja, kioo cha mbele nyuma ya kioo cha kutazamia, kwa vibandiko vinavyokuja nayo. Pikipiki haina mahali hapo. Nimejaribu karibu kila sehemu, na nina msimamo.

Mahali pangu ni mfuko wa kifuani wa koti la kuendeshea, upande wa kushoto, tagi ikiwa imesimama na uso wake ukitazama mbele. Kitambaa hakizuii mawimbi, wala zile pedi za kujikinga na ajali hazizuii. Mvua haiigusi, mwizi haioni, na nikishuka inashuka nami. Sharti ni mfuko uwe wake peke yake. Sarafu, funguo na kopo la pipi za mnanaa, vyote ni chuma, na chuma ndicho adui. Simu nayo naiweka mfuko mwingine.

Kioo cha upepo cha CB500X kinafaa pia. Ni plastiki, hakina waya wala rangi ya metali ndani yake, na tagi iliyobandikwa kwa velkro kwa ndani inasomwa vizuri sana. Ila ukiegesha mtaani Brooklyn umeacha kitu kinachoweza kubanduliwa kwa mkono mmoja. Halafu tagi ya kawaida ilitengenezwa ikae ndani ya gari, haikutengenezwa inyeshewe. Anayechagua kioo cha upepo aivishe mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na ajizoeze kuing'oa kila anaposhuka.

Kishikizi cha usukani sikipendekezi. Nilinunua kimoja mtandaoni, kisanduku cheusi kinachofungwa kwa skrubu mbili. Mtetemo wa injini ulikichosha, kikapasuka kwenye bawaba katikati ya msimu, na nikaikuta tagi inaning'inia kwa upande mmoja.  Kwa pikipiki inayokimbia kilomita mia kwa saa, hapana.

Chini ya siti ni pabaya kabisa: kuna fremu ya chuma, betri, nyaya, na mwili wako juu. Begi la juu ya tanki linafaa endapo tagi iko mfuko wa juu kabisa. Ikizama chini, imelala juu ya bati la tanki, inasomwa siku moja na siku nyingine haisomwi, na hiyo ni mbaya kuliko kutosomwa kabisa kwa sababu inakudanganya. Begi la mgongoni hapana, kifua chako kiko katikati. Kuishika mkononi na kuinyoosha juu, kama ninavyoona baadhi ya vijana wakifanya, ni kuondoa mkono kwenye usukani, yaani kutupa faida ile ile uliyoinunua.

Ipo na tagi ya nje, yenye ganda lisilopenya maji, inayofungwa kwa boliti za namba ya mbele. Imetengenezwa kwa magari ambayo vioo vyake vina metali. Pikipiki haina namba ya mbele, kwa hiyo ukiipata utahitaji fundi akutengenezee kibao cha kuifungia mbele, pembeni ya taa. Kwa mwenye pikipiki isiyo na kioo cha upepo na asiyependa kuvaa koti wakati wa joto, nadhani ni njia nzuri. Lakini inabaki nje usiku na mchana.

Unajuaje imesomwa? Fungua taarifa ya akaunti. Kila safari ina namba kando yake: ukiona namba ya tagi, imesomwa, na ukiona namba ya usajili ya pikipiki, ni kamera iliyokutambua. Nawasihi mfanye hivi wiki ya kwanza, na kila mnapobadilisha koti. Ni dakika chache, na ndiyo njia pekee, kwa sababu tagi haina taa wala mlio, na ile fremu ya chuma haikuonyeshi chochote. Hiki ndicho kilema kikubwa cha kifaa hiki kwa maoni yangu. Dereva wa gari anaibandika mara moja na kuisahau. Sisi tunaibeba mwilini, tunabadilisha nguo na misimu, na hatupewi ishara yoyote.

Safari za Manhattan ziko kidogo, ila nizieleze kwa sababu watu wananiuliza kuhusu ile tozo mpya. Tangu Januari 5, 2025, ukiingia Manhattan kuanzia mtaa wa 60 kushuka kusini unatozwa. Gari dogo dola 9, pikipiki dola 4.50, mara moja kwa siku, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku siku za kazi, na wikendi kuanzia saa tatu asubuhi. Usiku pikipiki inashuka hadi dola 1.05. Hizo ni bei za mwenye E-ZPass. Asiye nayo, pikipiki mchana ni dola 6.75. Halafu kuna punguzo ambalo wengi hawalijui: ukiingilia handaki la Holland au Lincoln mchana, pikipiki inarudishiwa dola 1.50. Kwa hiyo mchana wa Jumanne, kutoka Jersey City kupitia Holland, mwaka 2025 ilikuwa dola 13.06 za handaki na dola 3 za eneo. Dola 16.06. Kama huna mzigo, panda treni ya PATH, ni ya bei ndogo mno ukilinganisha. Mimi huingia kwa pikipiki kama nina kazi ya usiku tu.

Majimbo mengine siyaelezi kwa kirefu. Maryland wanaipa pikipiki nusu bei kwenye madaraja na barabara zao. New Jersey Turnpike wanaihesabu pikipiki sawa na gari dogo, jambo nisilolikubali. Massachusetts hutoa tagi bila malipo, na ndugu zetu Wakenya wa Lowell wanaoishi na kuendesha huko huko sioni kwa nini wasiichukue ya kwao.

Wasafirishaji wa pikipiki kwenye pikapu au trela, jambo moja: tagi iliyosahaulika mfukoni mwa koti ndani ya gari nayo inajibu. Unaweza kujikuta na tagi mbili zinazosomwa chini ya fremu moja. Ule mfuko wa kung'aa ambao tagi huja ndani yake usiutupe, unazuia mawimbi. Itumbukize humo.

Pia, zile meseji za simu zinazosema una deni la tozo, bofya hapa ulipe kabla ya kesho: ni matapeli. FBI walitoa onyo kuzihusu Aprili 2024, na bado zinakuja. Deni la kweli utaliona kwenye akaunti yako au kwa barua. Wazazi wetu waliokuja kututembelea na kununua laini za simu za huku nao wanazipata, waambieni.

Mdogo wangu aliyeko Kigamboni, naye mwendesha pikipiki anayelipia daraja, aliniuliza kama kitu hiki kingefaa nyumbani. Nilimjibu kwamba teknolojia si tatizo. Nairobi tayari wana kifaa cha aina hii kwa magari kwenye Expressway iliyofunguliwa 2022, ila pikipiki haziruhusiwi kupanda kule juu. Swali ni kama aliyekitengeneza alimfikiria mtu wa magurudumu mawili tangu mwanzo. Wajapani walimfikiria. Tangu 2006 wana mashine ya ETC, yaani ya kulipia tozo bila kusimama, ya pikipiki peke yake, inayofungwa kwenye chombo chenyewe, inayostahimili mvua na mtetemo, na mbele ya mwendeshaji kuna kitaa kidogo kinachomwambia kila kitu kiko sawa kabla hajafika getini. E-ZPass ina zaidi ya miaka thelathini, na bado inatupa kisanduku cha gari kilichoandikwa ndani yake kwamba sisi ni pikipiki. Bei ya MTA naishukuru. Kisanduku wakibadilishe: ganda lisilopenya maji, tundu la skrubu, na kitaa.